Koti la mtumba au koti jipya?

Nikiwa na pesa ya koti moja mkononi, njia ni mbili: nichambue mitumba ya Karume, Ilala, au niende Kariakoo nikanunue jipya dukani.

La dukani halina maswali. Saizi zimepangwa, vifungo vyote vipo, likikubana unapewa jingine. Kwa sare za kwaya hapo ndipo pa kwenda, maana mtumba hautakupa makoti kumi yanayofanana.

Mtumba unataka subira. Belo likifunguliwa asubuhi, wenye maduka huwahi nguo za daraja la kwanza. Sisi tunabaki kuinamia rundo. Koti langu la sufu nililipata hivyo: bitana imechanika kwapani, kifungo kimoja hakipo. Lakini kitambaa kizito, mishono imenyooka, na ndani ya kola kuna jina la mtu nisiyemjua, limetariziwa kwa uzi mwekundu. Nani alikaa akalishona, na kwa ajili ya nani? Fundi alitia kiraka cha kanga kwenye bitana, akaweka kifungo cha kifuu cha nazi. Nikilivaa Njombe kwenye baridi ya Juni, nalifunua makusudi ili kiraka kionekane.

Ukichagua, kagua kwapa na zipu kwanza. Kitambaa kilicholika hakishoniki, kifungo hupatikana popote.

Kwa koti, nachagua mtumba bila kusita. Nguo za ndani nanunua mpya. Za mtumba zimepigwa marufuku Tanzania, na ni sawa kabisa.