Saa ya Kale ya Ukutani: Kukarabati Kipuri au Kukibadilisha?

Katika saa za ukutani zilizotengenezwa Connecticut, Marekani, katika karne ya 19, sehemu inayochakaa zaidi ni matundu ya sahani (bamba za mtambo) za shaba nyeupe yanayoshika ncha za mihimili ya magurudumu, kwa sababu mafuta yaliyochanganyika na vumbi huyasaga polepole mpaka yakawa na umbo la yai na meno ya magurudumu yakaacha kukamatana vizuri. Fundi anayekarabati hulipanua tundu, akaingiza bushi ya shaba, yaani kijibomba kidogo, na kulirejesha pale pale lilipokuwa, hivyo sahani yenye chapa ya mtengenezaji hubaki. Anayebadilisha hung'oa mtambo mzima na kupachika wa betri: kazi ni nyepesi na majira ni sahihi zaidi, lakini kinachobaki ni kasha tu, na kwa mnunuzi wa vitu vya kale thamani hushuka sana.

Jino moja lililovunjika nalo lina tiba, kwani kipande kipya huchomelewa kwa lehemu na kuchongwa kwa tupa. Yakivunjika mengi yanayofuatana, afadhali kuchongesha gurudumu jipya.

Kwa kamani, yaani springi inayoiendesha saa, sisiti kubadilisha. Iliyokatika katikati haiungwi, na ikifyatuka huweza kujeruhi vidole na kuvunja meno ya gurudumu. Kipuri cha zamani, hata kikiwa kibovu, kihifadhiwe ndani ya kasha. Uso uliochorwa kwa mkono usipakwe rangi upya. Akrabu (mshale wa saa) iliyopotea itafutiwe mwenzake wa mtindo uleule.