Kupima kazi ya waandishi wa programu: kuhesabu mistari ya msimbo (code) au kupima safari ya badiliko hadi kwa watumiaji?

Mwanzoni mwa 1982, mameneja wa mradi wa kompyuta ya Lisa huko Apple waliwataka waandishi wa programu wajaze fomu kila wiki: umeandika mistari mingapi? Bill Atkinson alikuwa ameandika upya sehemu ya QuickDraw, programu ya kuchora picha kwenye skrini ya Lisa, ikawa na kasi karibu mara sita huku ikipungua mistari 2,000. Akajaza: -2000. Baada ya wiki kadhaa hawakumdai fomu tena.

Kuhesabu mistari ni rahisi, mashine inaifanya yenyewe. Lakini anayerefusha kazi anapanda na anayeifupisha anashuka, ilhali kila mstari ni mzigo ambao mtu ataubeba kesho.

Vipimo vya DORA (DevOps Research and Assessment), vya kupima utendaji wa timu za programu, vilivyotokana na utafiti wa Nicole Forsgren na wenzake, haviulizi nani kaandika nini. Vinne vilivyo maarufu vinauliza: toleo jipya huwafikia watumiaji mara ngapi? Badiliko huchukua muda gani tangu liandikwe hadi litumike? Mabadiliko mangapi huleta hitilafu? Huduma ikianguka, hurejea baada ya muda gani? Viwili ni vya kasi, viwili vya uthabiti, kwa hiyo timu inayokimbilia kutoa matoleo huku ikiharibu hujulikana mapema.

Mimi nachagua DORA, ila kwa timu nzima tu. Meneja akiitumia kumpa kila mtu alama yake, ataua ushirikiano: aliyekaa saa tatu akimwelekeza mgeni kazini hataonekana popote.