Uzoefu wangu: Miezi miwili na simyuleta ya Falstad kabla ya kuanza somo la saketi

Nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, nikiwa na alama nzuri ya fizikia, lakini saketi nilizijua kwa kukariri tu. Nilipochaguliwa kusomea uhandisi wa umeme, kaka mmoja wa mtaani aliyekuwa mwaka wa tatu akaniambia, "Mdogo wangu, usisubiri chuo kifunguliwe. Uchambuzi wa saketi unagawa sapu, mitihani ya marudio, kama karanga." Kwenye kompyuta yake akanifungulia simyuleta ya Paul Falstad, programu ya kujenga saketi na kuziona zikifanya kazi kwenye skrini. Haina malipo, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na ina toleo la kupakua, kwa hiyo bando likiisha kazi haisimami.

Kilichonishika ni vidoti vya njano. Mkondo unauona ukitembea kwenye waya: ukiwa mkubwa vidoti vinakimbia, ukiwa mdogo vinajikokota. Penye volteji chanya waya ni wa kijani, penye hasi ni mwekundu, penye sifuri ni wa kijivu.

Kaka alinipa sharti moja: daftari kwanza, simyuleta baadaye. Jioni ya kwanza alinichorea saketi hii. Betri ya 12 V inapita kwenye rezista (kipande kinachokinza mkondo) ya kiloomu 2 hadi nodi ya kati, yaani mahali waya zinapokutana. Upande wa pili, betri ya 6 V inafika nodi hiyohiyo kupitia kiloomu 3. Kutoka nodi kushuka chini, zinakokutana ncha hasi za betri zote mbili, kuna rezista ya kiloomu 6. Akauliza, "Betri ya 6 V inatoa mkondo kiasi gani?" Nikaita volteji ya nodi V, nikaandika mlinganyo wa nodi, mkondo unaoingia sawa na unaotoka: (12 − V)/2 + (6 − V)/3 = V/6. V ikatoka 8. Mkondo wa betri ya 12 V ukawa miliampea 2, wa rezista ya chini 1.33, na wa betri ya 6 V ukawa hasi 0.67. Nikadhani nimekosea, nikaifuta ile alama ya hasi.

Tulipoijenga kwenye simyuleta, vidoti vya upande wa 6 V vilikuwa vinarudi kinyume, vinaingia ndani ya betri. Haikuwa inatoa mkondo, ilikuwa inachajiwa! Nodi iko kwenye 8 V na betri ina 6 tu, mkondo ungetokaje? Niliangalia vile vidoti muda mrefu. Sheria za mwanafizikia Kirchhoff kuhusu mkondo na volteji kwenye saketi, alizozitoa mwaka 1845 akiwa mwanafunzi wa miaka 21, kwangu zilikuwa mistari miwili ya kujibia mtihani. Siku hiyo niliziona zikifanya kazi: 2 zinaingia, 1.33 na 0.67 zinatoka.

Kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji, nazo zilinifungukia hapo. Unganisha betri, rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 100 kwa mfuatano, sekunde moja baadaye kapasita imefika asilimia 63 ya volteji ya betri, na kwa sekunde 5 imejaa karibu kabisa. Grafu inajichora mbele yako. Kwa umeme wa soketi, 230 V na 50 Hz, wimbi linapanda hadi karibu 325 V kabla ya kugeuka, na mkondo wa kapasita unaitangulia volteji kwa robo ya mzunguko, yaani milisekunde 5. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tulifundishwa namba changamano: namba moja inabeba ukubwa wa wimbi na kutangulia kwake kwa pamoja. Ukiwa nazo dhaifu, zirudie kabla ya kuja, pamoja na milinganyo sambamba. Simyuleta haitakufanyia hesabu za kwenye karatasi.

Na usiishie kwenye skrini. Betri ya simyuleta haichoki, rezista yake ni kamili. Nilinunua Kariakoo rezista chache, betri ya 9 V na multimita (kipimo cha volteji, mkondo na ukinzani) ya bei ndogo, na majibu yakaanza kupishana na daftari. Rezista ya kiloomu 1 yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kuwa popote kati ya omu 950 na 1,050, na betri halisi ina ukinzani wake wa ndani. Niliunguza fyuzi ya multimita kwa kupima betri moja kwa moja nikiwa nimeiacha kwenye ampea. Ampea hupimwa kwa kukata njia na kuiweka mita katikati, kamwe si sambamba na betri. Chunga sana hapo.

Sasa niko katikati ya semesta. Kwenye jaribio la kwanza lilikuja swali la betri mbili, nodi moja. Nilipata mkondo wenye alama ya hasi. Safari hii sikuifuta. Pembeni niliandika: betri inachajiwa.