Dickey-Stephens Park: mahali pa kumtazama kijana kabla hajapanda Ligi Kuu

Dickey-Stephens Park ni uwanja wa besiboli ulioko North Little Rock, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani. Ulifunguliwa mwaka 2007 kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Arkansas, na hapo ndipo nyumbani kwa Arkansas Travelers, timu ya daraja la AA, hatua mbili chini ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani. Nilikwenda huko Julai kwa sababu moja tu: nilitaka kukaa mahali walipopita wachezaji wawili wa uwanja wa nje ninaowapenda kuliko wengine wote, Mike Trout na Julio Rodríguez.

Trout alicheza hapa mwaka 2011, wakati timu ilipokuwa ikilea vijana wa Los Angeles Angels, klabu ya Ligi Kuu. Julai 8 ya mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 19, aliruka daraja la AAA, lililo katikati, na kuingia Ligi Kuu, lakini mambo hayakumwendea vizuri: mwanzoni mwa Agosti alirudishwa Arkansas, akaitwa tena kabla mwezi haujaisha, na katika michezo 40 wastani wake wa kupiga uliishia .220, yaani alifanikiwa takriban mara 22 katika kila mara 100, kiwango ambacho kwa mpigaji asiye na jina kingetosha kumkalisha benchi. Mwaka 2012 alipiga .326, akavusha ukuta mipira 30, akaiba vituo 49, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, na akachaguliwa kwa kura zote kuwa mchezaji mpya bora wa American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Miaka kumi baada ya Trout, timu ikiwa sasa chini ya Seattle Mariners, alikuja Rodríguez, kijana wa Loma de Cabrera katika Jamhuri ya Dominika. Yeye naye hakupita AAA. Alianza msimu wa 2022 Seattle, akamaliza Aprili nzima bila kuvusha ukuta hata mpira mmoja, kisha akafikisha 28 na kutwaa tuzo ileile.

Habari hizi ndizo zilizoniongoza katika kuchagua kiti. Watu wengi hupenda kukaa nyuma ya mpigaji, lakini mimi nilijisogeza kadiri nilivyoweza kuelekea uwanja wa nje, ambako majani ni ya asili na hatua za njumu zinasikika. Katika kipindi cha nne mpira ulipigwa mbali sana, na kabla mlio wa gongo haujaniisha masikioni, kijana aliyesimama katikati alikuwa ameshageuka, ameupa mpira mgongo, anakimbia bila kuutazama. Alitupa jicho mara moja tu juu ya bega, akanyoosha glavu, na mpira ukatua ndani yake kwa kishindo kikavu. Jioni hiyohiyo alikosa kupiga mara tatu mfululizo, na baadhi ya mashabiki wakaanza kunung'unika. Mimi sikujali, kwa kuwa gongo la kijana linaweza kuchelewa, kama lilivyowachelewea Trout na Rodríguez, ilhali hatua ile ya kwanza tayari alikuwa nayo.

Uwanja wenyewe ni mdogo na wa kirafiki. Ipo miteremko ya majani ambapo familia hutandika mablanketi, majengo marefu ya Little Rock yanaonekana ng'ambo ya mto, na kabla ya mchezo watoto hujipanga kwenye uzio wakiwa na mipira na kalamu ili wachezaji wawatilie saini. Nilifurahi kuona kwamba hakuna aliyepitwa. Kwa upande wa kero, joto la Julai pale ni zito na lenye unyevu, na hata baada ya jua kuzama shati langu lilikuwa bado limenigandia mgongoni. Anayeweza kuchagua aende Aprili au Mei.

Jambo jingine la kujua ni ratiba. Kwa kawaida timu hucheza na mpinzani mmoja siku sita, Jumanne hadi Jumapili, kwa hiyo ninashauri kununua tiketi za usiku mbili wa juma moja, ili kumwona mchezaji yuleyule akirekebisha makosa yake. Hata hivyo, klabu mama ya Ligi Kuu ndiyo inayoamua nani apande na lini, wala haimsubiri mnunuzi wa tiketi. Mimi nilikwenda Jumatano na nikarudi Ijumaa. Katikati ya uwanja wa nje alisimama mtu mwingine, na mzee aliyeketi jirani yangu akanieleza kwamba yule kijana alikuwa ameshapelekwa Tacoma, daraja la AAA.