Huduma ya "kujaza gesi" ya AC: mara nyingi unalipia kisichohitajika

AC ikiacha kupoza, mafundi wengi wa mitaani Dar na Mombasa hukimbilia mtungi wa gesi. Huduma hii tunaipa alama ndogo. Gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuijaza bila kuziba ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Fundi mzuri huanza na chujio. Likiziba, hewa haipiti na barafu huganda kwenye koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa. Kisha huosha koili ya nje, ambayo huku pwani huliwa na chumvi. Feni ya nje ikizunguka huku kompresa, pampu inayosukuma gesi, ikinguruma tu bila kuwaka, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kifaa kinachoipa msukumo wa kuwaka: iliyoandikwa 35 µF (mikrofaradi) ikipimwa 25, ibadilishwe. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini huhifadhi umeme hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo usikiguse kwa mkono.

Gesi ikiwa imepungua kweli, dai povu la sabuni kwenye nati za maungio, naitrojeni ya kupimia uvujaji, pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa kwenye mabomba, na mizani ya kupimia gesi. Gesi aina ya R410A ni mchanganyiko: huingizwa ikiwa kimiminika, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "imeshapoa" hastahili malipo kamili.

Kipimo cha kazi: hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12.