Waya Mwembamba wa Roketi: Upi Ununue, Upi Uuache Dukani

Ingia duka lolote la Luthuli Avenue, Nairobi, uulizie waya wa altimita ya roketi (kifaa kidogo kinachopima kimo na kuwasha baruti ya parachuti), na muuzaji atakuuliza, "Boss, ni ya spika?" Usimcheke. Mwambie unataka geji 24 (namba ya unene: ikipanda, waya huwa mwembamba), nyuzi nyingi, shaba halisi, mita 5 nyekundu na mita 5 nyeusi. Hapo mtaelewana.

Wanaoanza huhofia kwamba waya mwembamba hautabeba umeme. Hebu piga hesabu. Hata geji 28, iliyo nyembamba zaidi, ina ukinzani wa omu 0.21 kwa mita. Kutoka altimita hadi kwenye kiwashio cha baruti inayotoa parachuti, kwenda na kurudi, ni sentimita 60 hivi, yaani omu 0.13. Kiwashio chenyewe kina omu 1 hadi 2, na hutaka kama ampea 1 kwa kufumba na kufumbua. Umeme utapita bila taabu. Kinachoua roketi ni mtikisiko: waya hukatika pale unapotoka kwenye lehemu au kwenye skrubu, tena ndani ya ganda, usione kitu. Ndiyo maana nyaya hizi nimezipanga kwa jinsi zinavyokubali kufungwa. Bei nimeiweka kando.

Wa kwanza: geji 24, nyuzi 7 au 11, shaba iliyopakwa bati, ganda la PVC. Hauna madaha. Unachunika vizuri, na unene wake wa milimita 1.4 pamoja na ganda unaingia kwenye pini za JST-XH, zile plagi ndogo za plastiki, bila kusukumana. Ubaya wake ni kwamba ganda huyeyuka ukichelewesha chuma cha kulehemu. Jifunze kuwahi.

Wa pili: silikoni, geji 26. Mlaini kama uzi wa kufumia, una nyuzi 30 nyembamba kama nywele, na joto la lehemu haliugusi. Kwa betri inayochomolewa kila siku, huu ndio wangu. Lakini ganda ni nene na huchanika kirahisi. Ukilipitisha kwenye tundu la ubao wa fibaglasi ambalo hukulipiga msasa, litakatwa.

Wa tatu: tefloni. Mwembamba, hauyeyuki, unadumu. Watu wanausifu sana, nami nauona wa kazi ya watu wenye kichuna-waya kizuri. Kwa wembe utakata nyuzi mbili tatu bila kujua, na gundi haiushiki.

Wa nne: waya wa kebo ya mtandao. Ni geji 24 lakini uzi mmoja mgumu, kwa hiyo ubaki chini, kwenye kebo ya kurushia. Ndani ya roketi, hapana. Halafu zipo kebo za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe chini ya wekundu, rudisha.

Wa mwisho: zile jampa, nyaya fupi za rangi rangi zenye pini nchani, za majaribio ya mezani. Pini zake hazina kufuli. Roketi ikiondoka, zinachomoka.

Sasa kufunga, maana hapa ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea. Ncha inayoingia kwenye skrubu ya altimita usiipake lehemu. Najua inapendeza, nyuzi zinakaa pamoja. Lakini lehemu ni laini. Ikikandamizwa inajisogeza taratibu, na skrubu inalegea yenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga hivyo. Mezani altimita ililia milio yake mitatu, kuonyesha viwashio viko sawa. Nikaitikisa kidogo mkononi, ikanyamaza. Bahati yangu ilikuwa bado haijapanda. Siku hizi navisha ncha kikofia cha chuma, cha milimita 0.25 za mraba kwa geji 24, nakibana, ndipo nakaza. Kama huna, sokota nyuzi kavu. Zikiwa nyembamba sana, chuna ndefu mara mbili uzikunje.

Kwa pini za JST nunua koleo lake la kubania. SN-28B inapatikana kirahisi na inatosha. Engineer PA-09 ya Japani ni nzuri zaidi kwa pini ndogo. Koleo la kawaida la fundi litaiponda pini tu. Angalia kwa lenzi: mabawa ya mbele ya pini yameshika shaba, ya nyuma yameshika ganda. Pini iliyobanwa vizuri haihitaji lehemu juu yake.

Pale ambapo lazima ulehemu, funika kiungo kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, upite sentimita moja juu ya ganda, kisha ufunge waya kwenye ubao ili usichezecheze. Vuta kila waya kwa vidole, kwa nguvu ya kuchomoa mmea mdogo bustanini. Unaotoka, ufunge upya. Halafu washa altimita, viwashio vikiwa mbali na baruti, uitikise kifaa chote huku unasikiliza milio.