Miwani ya Elfu Nane Kijijini Rungwe: Bei ni Nzuri, Kipimo Hakijakamilika

Nilimpeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, kwenye kambi ya siku moja ya upimaji macho iliyofanyika katika ofisi ya kijiji chetu wilayani Rungwe, na tulirudi na miwani ya kusomea kwa shilingi 8,000, kipimo kikiwa bure. Kwa mtu ambaye vinginevyo angepanda Coaster hadi Mbeya mjini, akapoteza siku nzima ya kuchuma chai na pengine akaambiwa arudi wiki ijayo, bei hiyo ni nafuu ya kweli.

Mama hakusoma shule, kwa hiyo nilipenda kuona kwamba bango la kupimia lilikuwa na herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali, naye akitakiwa tu kuonyesha kwa mkono zimeelekea wapi. Kwa kuona karibu, mpimaji alimpa sindano na uzi. "Mama, tunga taratibu, hakuna haraka," alimwambia, huku akimbadilishia miwani ya majaribio kuanzia nguvu ya lenzi ya +1.50. Kwenye +2.50 uzi ukaingia mara ya kwanza, mama akacheka kwa sauti, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuulizana bei kabla hawajapimwa.

Nakiri kwamba nilikuwa nikidhani miwani ya karibu ni ya wasomaji. Kumbe lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka 40 hivi kila mtu, msomi au mchuma chai, huanza kupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vilivyo karibu. Utafiti uliofanyika kwa wachuma chai wa Assam, India, na kuchapishwa mwaka 2018 uliwahusisha watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na waliopewa miwani waliongeza uchumaji kwa takriban asilimia 22 kuliko ambao walikuwa bado hawajapewa. Sikushangaa, kwa sababu mama sasa huchagua majani mawili na chipukizi bila kuinama hadi pua iguse kichaka, na jioni huchambua maharage mwenyewe badala ya kuwaita wajukuu.

Malalamiko yangu ni kuhusu kipimo chenyewe. Bango la kuona mbali, ambalo lilikuwa limeandikwa chini yake kuwa ni la mita 6, liliwekwa kwa kuhesabu hatua, tena chini ya baraza yenye giza siku ya ukungu, na aliyepima asubuhi hakuwa na hatua ndefu kama za aliyepima mchana. Jambo zito zaidi ni kwamba hakuna aliyemulikiwa tochi machoni. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye mboni yake ya kulia ina weupe unaoonekana hata ukisimama mbali, aliuziwa miwani ya +3.00 na kuondoka akiamini kwamba ametibiwa, ilhali mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na hakuna namba ya miwani inayoweza kumsaidia. Presha ya jicho nayo haikutajwa kabisa, ingawa huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi bila maumivu, na uoni unaopotea haurudi. Barua ya rufaa isingewagharimu waandaaji zaidi ya karatasi.

Fremu zilikuwa za aina mbili tu, zote pana, na za mama huteleza anapotoka jasho. Wiki ya tatu skrubu ya mkono wa kushoto ililegea, nikaikaza kwa ncha ya kisu. Ikiwa umevuka miaka 40, unaona mbali vizuri na tatizo lako ni maandishi ya simu au tundu la sindano, nenda bila kusita watakapopita tena. Ikiwa jicho lina weupe, linauma, au upande mmoja umefifia ghafla, nauli ya kwenda hospitali bado haikwepeki, na mzee wetu tunamchangia hiyo nauli mwezi huu.